Msichana Aliyelala Mitaboni

Sehemu ya Saba

Wasomaji, tuliwaacha pabaya: Jumamosi, saa tano asubuhi, sebuleni kule Mumbuni. Kalunde alikuwa katikati ya sentensi, kitabu mkononi, na nyanya yake akaimalizia sentensi hiyo kabla haijasomwa.

Kwa aliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, haya yatamtosha. Kalunde ana miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Nyanya yake, Syokau, ambaye yeye humwita Susu kama Wakamba wengi wanavyowaita nyanya zao, ametolewa mtoto wa jicho. Ameletwa mjini kutoka Mitaboni ili auguzwe na mwanawe Maundu, baba yake Kalunde. Jicho moja limefunikwa kwa bandeji inayofunguliwa tu wakati wa dawa. Lingine bado lina ukungu. Ndiyo maana anasomewa.

Kitabu chenyewe Kalunde alikikuta nyuma ya maboksi ya misumari, katika duka la hadiwea la baba yake. Ni riwaya ya vijana, jalada la buluu, inaitwa *Jina Msalabani*, na mwandishi ni Kasiva Ndunda. Msichana Mumbua anarudi kwao baada ya miaka miwili na kukuta ameshazikwa. Anajificha kwenye mahindi. Anamwona mama yake ameketi kando ya kaburi.

"'Mama aliinama,'" Kalunde alikuwa amesoma, "'akaweka kiganja juu ya udongo, akasema...'"

"Rudi uvunje zote," alisema Susu.

Kalunde alifunua ukurasa. Juu kabisa palikuwa na maneno matatu. Rudi uvunje zote.

Aliyasoma kimya mara mbili.

"Susu, kuna mtu alishakusomea hiki kitabu?"

"Nani? Tangu nitoke hospitali nasomewa na wewe tu."

"Sasa umejuaje?"

Mikono ya Susu ilikuwa imelala mapajani. Sasa ilikuwa imeshikana.

"Hayo maneno ni yangu," alisema.

Kalunde alikifunga kitabu, kidole chake kikibaki ndani.

"Shangazi yako Katunge alivunja sahani," Susu aliendelea. "Sahani ya maua, ile ya wageni. Alikuwa anapeleka chai kwa watu wa kanisa, ikamponyoka. Nilimpiga kofi mbele yao wote. Akatoka na nguo za shule, akaenda Matuu, akapanda basi la Mwingi. Basi likaingia mtoni. Hayo unayajua."

"Nayajua."

Aliyajua tangu utotoni. Mwaka wa 2002, mvua za Aprili. Shangazi alikuwa na miaka kumi na saba. Kaburi lake liko Mitaboni nyuma ya jiko, na kila Desemba Kalunde hutumwa kuling'olea magugu. Lakini habari ya sahani hakuwahi kuisikia.

"Miaka miwili baadaye nilikaa pale mchana mmoja, peke yangu, nikamwambia hivyo. Rudi uvunje zote. Sijawahi kumwambia mtu. Hata babu yako akiwa hai. Hata padri."

"Hakukuwa na mtu yeyote karibu?"

Susu alifikiri.

"Kulikuwa na mahindi," alisema.

Nje, jirani alikuwa akianika nguo na redio yake ikiimba. Maneno yasiyosikiwa na mtu hayawezi kuandikwa na mtu.

"Nisomee mwanzo," alisema Susu.

"Sura ya kwanza?"

"Kabla ya sura ya kwanza. Vitabu huwa na maneno kule mbele."

Kurasa hizo Kalunde huwa anaziruka. Alirudi nyuma. Karatasi ya kwanza kabisa haikuwepo; ilikuwa imechanwa, ukingo wake tu ndio umebaki. Iliyofuata ilikuwa nyeupe, na katikati pana mstari mmoja.

"'Kwa msichana aliyelala mahali pangu.'"

"Rudia."

Alirudia.

Susu aligeuza uso wake wenye bandeji kuelekea dirishani, kwenye mwanga, kama mtu anayejaribu kuona kitu kwa nguvu.

"Kalunde," alisema, "mimi nimempalilia nani miaka yote hii?"

Geti lililia.

Maundu hufunga duka kidogo kila siku saa tano na nusu aje amwekee mama yake dawa ya jicho. Hajakosa hata siku moja. Aliingia akifuta vumbi la saruji mikononi, chupa ndogo ya dawa ikiwa mfukoni mwa shati.

"Mwaitu, saa ya dawa," alisema. Ndivyo anavyomwita mama yake. Kisha akaona kilichokuwa mapajani mwa binti yake.

Alisimama.

"Hicho umetoa wapi?"

"Dukani, Baba. Nyuma ya misumari."

"Lete."

"Bado tunasoma."

"Nimesema lete, Kalunde. Daktari alikataza asilie. Kidonda bado kibichi. Unamsomea mgonjwa mambo ya makaburi?"

Kalunde alijua sauti zote za baba yake. Ile ya mteja mkorofi, ile ya kanisani anaposoma somo la kwanza, ile ya kumwamsha aende shule. Hii hakuijua. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Umejuaje kuna makaburi ndani?" aliuliza.

Maundu alinyosha mkono achukue kitabu.

"Sijalia," alisema Susu. "Kalunde, soma."

"Mwaitu, tafadhali."

"Kama ni hadithi tu, Maundu, itakudhuru nini? Soma, mtoto. Pale tuliachia."

Hapo Kalunde alikuwa kati ya watu wawili ambao hajawahi kumkaidi hata mmoja wao. Alimtazama baba yake. Akamtazama Susu. Akafungua kitabu.

"'Mumbua alingoja mpaka mama alipoingia jikoni. Ndipo akatoka kwenye mahindi. Alikuwa amefika kwenye ua wa mkonge aliposikia mtu akilitaja jina lake kwa sauti ya chini. Alikuwa kaka yake, na punda aliyebeba mitungi ya maji. Kaka hakushtuka. Alimfunga punda polepole, kama mtu aliyekuwa akiitazamia siku hii.'"

"Inatosha," alisema Maundu.

"Endelea," alisema Susu.

"'Wewe umeshazikwa, kaka alisema. Mama ameanza kula juzi tu. Ukiingia pale leo, utamuua. Rudi ulikotoka. Nitakuita mimi mwenyewe. Akampa ndizi mbili. Mumbua akaondoka kwa njia ya mtoni. Alingoja aitwe.'"

Sura iliishia hapo.

"Alingoja aitwe," alisema Susu, polepole. Kisha akageukia upande wa mwanawe.

"Maundu."

"Naam, Mwaitu."

"Siku ile maji yalichelewa. Nilikuuliza kwa nini. Uliniambia kamba ya punda ilikatika."

Maundu alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa kwenye meza ndogo ya chai, chupa ya dawa mkononi.

"Haikukatika," alisema.

Wasomaji, Kalunde alitarajia kelele. Alitarajia Susu asimame, arushe kitu, amlaani mtu. Susu alishusha sauti badala yake, na ikawa vibaya zaidi.

"Mochari uliingia wewe."

"Niliingia mimi. Baba alikuwa kitandani, hawezi kutembea. Na wewe walikukataza."

"Uliangalia mguu wa kushoto?"

Maundu alifumba macho.

"Mguu ulikuwa na nini?" aliuliza Kalunde.

"Katunge alijikata na jembe akiwa na miaka minane," alisema Susu bila kumgeukia. "Kidole cha mwisho kilitoka. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Maundu, nimekuuliza. Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Vilikuwa vingapi?"

Maundu aliizungusha chupa ya dawa kiganjani.

"Vitano."

Kalunde alisimama. Hakujua anakwenda wapi, akabaki amesimama tu katikati ya sebule.

"Kwa hivyo ulijua si yeye," alisema.

"Uso haukuwa unatambulika. Alikaa majini siku nne. Lakini alikuwa amevaa sweta ya shule ya Katunge, na jina lake limeshonwa shingoni. Mhudumu akaniambia, kijana, sema kama ni wenu, kuna watu wanangoja." Maundu alikuwa akiongea na sakafu. "Nikajiambia Katunge amekufa hata hivyo, mwili wake umeenda na maji. Mama yangu hajala wiki nzima. Anazunguka steji ya Matuu na picha, anauliza kila makanga. Nikafikiria nikirudi mikono mitupu, nitapoteza wawili. Nikasema ni wetu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Kalunde."

"Na alipokuja? Ulikuwa na miaka mingapi alipokuja na miguu yake?"

"Kalunde," alisema Susu.

"Hapana, Susu. Acha anijibu."

"Niliogopa," alisema Maundu. "Nikisema huyu ndiye Katunge, wangeuliza yule niliyezika ni nani. Ningeenda jela. Nilitaka muda kidogo tu, nifikirie. Muda ukawa mwaka. Mwaka ukawa..."

"Na yule ni mtoto wa nani?"

"Sijui."

"Hukuwahi kuuliza?"

"Sikuwahi."

Kalunde alimtazama mtu huyu aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyekaa naye hospitalini siku tatu alipougua malaria, na ambaye leo amefunga duka kwa ajili ya matone mawili ya dawa. Alitaka kumchukia na hakujua aanzie wapi. Mahali fulani kulikuwa na mama mwingine. Huyo hakupewa hata kaburi.

"Tafuta namba ya waliochapisha kitabu," Susu alimwambia. "Iko nyuma. Wapigie. Nataka kuongea na huyo mwandishi."

Kalunde alikuwa ameshachukua simu Maundu aliponyosha mkono.

"Usipige huko," alisema. "Namba yake niko nayo."

Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. Kalunde aliutambua ukingo wake. Ni ile iliyochanwa. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa kalamu ya buluu, na Kalunde akausoma kwa sauti kwa sababu Susu alikuwa ameinua kidevu akingoja.

"'Kaka. Nimengoja uniite miaka ishirini na moja. Kisome hiki, halafu umwambie Mama wewe mwenyewe. Akifika mwisho wa Novemba bila kujua, nitakuja kumwambia mimi. Namba yangu ni hii. K.'"

Kesho ilikuwa tarehe thelathini.

"Ningekwambia, Mwaitu. Kila siku nakuja na maneno mdomoni. Nakuwekea dawa, narudi dukani."

"Piga," Susu alimwambia Kalunde.

Kalunde alipiga, akaweka simu kwenye spika, akaishikisha mkononi mwa nyanya yake. Iliita mara tatu. Ya nne ikapokewa na upepo, mngurumo wa gari, kisha sauti ya mwanamke.

"Halo?"

Susu aliisogeza simu mdomoni.

"Katunge."

Mngurumo ulipungua. Gari lilikuwa linasimamishwa.

"Ni nani?"

"Nimesomewa pale umeandika mahindi," alisema Susu. "Kwa nini hukutoka?"

Kwenye simu mtu alivuta pumzi, ikakatika, akaivuta tena.

"Mwaitu," ilisema sauti ile.

Na hapo Syokau akalia. Bandeji ililowa, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha onyo la daktari. Upande wa pili walilia pia. Maundu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

"Nilikuja nimekasirika," alisema Katunge alipoweza kuongea. "Nilikuwa nimepanga maneno njia yote, ya lile kofi. Nikakukuta unasema vile. Nikashindwa kutembea."

"Na miaka yote hii, mtoto wangu?"

"Aliniambia ataniita. Mwaka wa kwanza nililala na mzigo umefungwa. Baadaye nikaona aibu. Mtu anarudi vipi kwao na jina lake liko msalabani? Nilienda Taveta nikawa mwalimu, nikaolewa. Nikaandika kwa jina lingine, nikafikiri nikimaliza kuandika nitaacha kungoja. Sikuacha."

"Basi halikukuchukua?"

"Nilikuwa ndani. Liliposimama njiani nikashuka kununua maji, likaniacha. Mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa nimempa sweta msichana niliyekaa naye, alikuwa anatetemeka sana. Kama ningebaki na sweta yangu, Mwaitu, mngenitafuta zaidi."

Kalunde aliisogelea simu.

"Shangazi. Mimi ni Kalunde, wa Maundu. Huyo msichana ulimjua?"

"Kalunde." Alilitamka kama anayelijaribu. "Aliniambia jina moja tu. Kavata. Sikujua zaidi. Lakini kitabu kilipotoka, kuna mwalimu wa Matuu alimsomea jirani yake, mama mzee asiyejua kusoma. Walipofika sura ya basi, yule mama akamwambia aache kusoma. Akasema huyo wa sweta ni wangu. Mwalimu akanitafuta."

"Lini?"

"Wiki hii. Mwaitu, nisikilize vizuri. Nilimwandikia Maundu nitangoja mpaka mwisho wa mwezi. Lakini mama yake Kavata amekataa kungoja hata siku moja. Tumetoka Matuu asubuhi, tunakwenda Mitaboni kwa kaburi. Ako hapa kando yangu. Anaomba kuongea na wewe."

Susu alijifuta uso kwa upindo wa leso. Alikaa wima, kama anayetaka kuonekana vizuri na mtu aliye kwenye simu.

"Mpe."

Sauti iliyokuja ilikuwa nyembamba na kavu.

"Wewe ndiye ulimzika Kavata wangu?"

"Ni mimi."

"Mlimfunika na nini?"

"Shuka nyeupe, mpya. Na rozari yangu mkononi. Nilimlilia, mama. Nilimlilia kabisa. Sikujua ni wako."

Gari lingine lilipita huko barabarani kwa kasi.

"Basi hakulala kama mbwa," alisema yule mama. "Miaka ishirini na tatu nilikuwa nafikiria samaki. Nashukuru kwa shuka."

"Usinishukuru."

"Na huyo aliingia mochari akasema ni wenu. Ako hapo?"

Susu hakugeuka. Aliinyosha tu simu kuelekea upande aliosikia mwanawe akipumua.

"Ako hapa," alisema.

Maundu aliinuka kutoka kwenye meza. Kalunde alifikiri atatoka nje, aliona kabisa macho yake yakienda mlangoni. Lakini aliweka chupa ya dawa chini, akaja, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye, mama," alisema. "Sina la kujitetea."

"Sijakuita ujitetee. Niko na swali moja. Huyu Katunge ameandika vizuri, lakini kuna kitu aliacha, na nimemuuliza, anasema aliogopa kukiandika. Kavata wangu alipanda lile basi na mtoto mgongoni. Wa miezi minne. Ile sweta alipewa aivae, amfunike na mtoto."

Kalunde alimtazama baba yake.

"Kwa orodha ya waliokufa hakuna mtoto," iliendelea ile sauti. "Nilisomewa majina yote, mara mbili. Wewe uliingia mochari ukamwangalia. Kulikuwa na mtoto?"

Susu alikuwa ameshika mkono wa Kalunde, ameubana sana.

"Kulikuwa na mtoto," alisema Maundu. "Sikumwona mochari. Nilimwona wodini, akiwa kwa blanketi, na lebo ya karatasi mguuni iliyoandikwa jina letu."

Akaketi tena kwenye meza.

"Alikuwa hai."